Roki ya Kusini mwa Marekani: nani alimrudia nani?

Wapenzi wa roki ya Kusini mwa Marekani wana ubishi wao usiokwisha: wimbo gani wa zamani umerudiwa na mwimbaji mwingine vizuri kuliko zote? Ubishi huo naupenda, na nitakutajia chaguo langu. Tatizo ni kwamba kila unapoanza, huingia maneno ambayo mtu kayasikia kwa fulani, na fulani naye kayasikia kwa fulani.

"Bendi za Kusini zilitunga zenyewe, wengine wakaja kuziiga"

Hili ndilo kosa kubwa, na ndilo nitakalokaa nalo.

Novemba 1968, Wilson Pickett, mwimbaji mweusi wa soul, mzaliwa wa Alabama, alikuwa studio za FAME mjini Muscle Shoals, jimbo hilohilo. Walihitaji wimbo wa kurekodi. Kijana mmoja mwenye nywele ndefu, mpiga gitaa wa kukodi, akapendekeza "Hey Jude" ya Beatles. Mwenye studio, Rick Hall, aliona ni wazimu, maana wimbo wa Waingereza wale ulikuwa bado unatamba kwenye chati. Kijana hakulegea. Jina lake Duane Allman.

Sikiliza dakika ya mwisho ya rekodi ile. Pickett anapiga ukelele, gitaa linamjibu, anapiga mwingine, gitaa linapanda juu yake. Jimmy Johnson, aliyekuwa akipiga gitaa pembeni ya Duane siku ile, alisema baadaye kwamba roki ya Kusini ilizaliwa pale pale. Kwa maneno mengine, muziki huu wote ulianzia kwenye wimbo wa kurudia: watunzi Waingereza, mwimbaji mweusi, mpiga gitaa mzungu.

Duane alipounda Allman Brothers Band mwaka 1969, tabia ile haikumtoka. Wengi wanaichukulia "Statesboro Blues" kuwa wimbo wao, kwa sababu ndio unaofungua albamu yao ya 1971 iliyorekodiwa ukumbini Fillmore East, New York. Mtunzi ni Blind Willie McTell wa Georgia, aliyeurekodi mwaka 1928 na gitaa lake la nyuzi 12. Mwaka 1968 mwanamuziki Taj Mahal akaurudia, na gitaa la kuteleza, lile linalopigwa kwa kutelezesha kichupa au chuma juu ya nyuzi, likapigwa na Jesse Ed Davis. Duane aliipata santuri hiyo akiwa mgonjwa wa mafua, zawadi kutoka kwa mdogo wake Gregg, pamoja na kichupa cha vidonge vya Coricidin. Akamwaga vidonge, akavisha kichupa kidoleni, akaanza kumfuatisha Davis. Kwa hiyo toleo ambalo mashabiki huliita "la asili" ni marudio ya marudio. Halipungui thamani hata kidogo.

Bendi ya Lynyrd Skynyrd nayo hivyohivyo. "Call Me the Breeze" ni ya J.J. Cale wa Oklahoma. Cale aliuimba kama mtu anayeongea na jirani yake barazani. Wao, mwaka 1974, wakaufanya wimbo wa kuvunjia viti. Na Black Crowes walipotamba na "Hard to Handle" mwaka 1990, walikuwa Wageorgia wakimrudia Mgeorgia mwenzao, Otis Redding. Hapo pana uzi mwingine: Phil Walden, meneja wa Redding, ndiye aliyeanzisha mjini Macon kampuni ya Capricorn iliyotoa santuri za Allman Brothers. Ukivuta uzi wowote wa muziki huu, mwisho wake unakuta soul au bluzi.

"Sweet Home Alabama ni wimbo wa watu wa Alabama"

Hapana. Bendi iliyoutoa, Lynyrd Skynyrd, ni ya Jacksonville, Florida. Kati ya watunzi watatu, Ed King alitoka California, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa Alabama. Ulirekodiwa Doraville, Georgia. Sauti za kike unazozisikia kwenye kiitikio ni za Merry Clayton na Clydie King, wanawake weusi, na Clayton amesimulia kwamba mwanzoni hakutaka kabisa kuuimba.

Halafu kuna lile la Neil Young, mwimbaji Mkanada. Kwa kuwa ametajwa kwa kijembe ndani ya wimbo, watu wanaamini yeye na Ronnie Van Zant, mwimbaji wa Skynyrd, walikuwa mahasimu. Tazama jalada la albamu ya Skynyrd ya Oktoba 1977: Van Zant amevaa fulana yenye picha ya Young. Siku chache baada ya albamu hiyo kutoka, ndege ya bendi ilianguka Mississippi na Van Zant akafa. Young mwenyewe ameandika kwamba kijembe kile alistahili.

"Free Bird ilitungwa kumwomboleza Duane Allman"

Duane alifariki kwa ajali ya pikipiki tarehe 29 Oktoba 1971, na wimbo huu wa Skynyrd ulikuwa tayari unapigwa. Van Zant alikuwa akiutoa kwa heshima yake jukwaani, ndiyo maana hadithi ikashika mizizi.

Na hapa kuna jambo la kuwaudhi wakereketwa. Rekodi ya Skynyrd ilifika nafasi ya 19 Marekani. Kundi la Will to Power, vijana wa muziki wa disko kutoka Florida, waliuchanganya na wimbo wa Peter Frampton, na Desemba 1988 wakakaa namba moja. Mimi siwezi kuusikiliza hadi mwisho. Lakini chati hazikuniuliza.

"Marshall Tucker alikuwa mwimbaji mzuri"

Hakuwahi kuwa kwenye bendi inayoitwa kwa jina lake, Marshall Tucker Band. Jina lilikutwa kwenye ufunguo wa jengo walikokuwa wakifanyia mazoezi, na mwenyewe alikuwa fundi kipofu wa kurekebisha piano. Wimbo wao "Can't You See" ni wa Toy Caldwell, mpiga gitaa wa bendi hiyo, na Waylon Jennings aliufikisha juu kwenye chati za kantri mwaka 1976.

"Bila ruhusa ya mwenye wimbo huwezi kuurudia"

Marekani, tangu sheria ya 1909, wimbo ukishatolewa kwenye rekodi, yeyote anaweza kuurekodi upya bila kumwomba mtunzi, mradi alipe kiwango kilichowekwa kisheria. Kilikuwa senti 2 kwa nakala, kikabaki hivyo hadi 1978. Huruhusiwi kuugeuza kiini chake, na ukitaka kuuweka kwenye filamu au video, hapo ndipo ruhusa inapohitajika.

Pesa hizo ni za mtunzi, si za bendi iliyoupa wimbo umaarufu. Gregg Allman alipokwama kwenye maneno ya "Midnight Rider", aliyemkwamua ni Kim Payne, mmoja wa wabeba vyombo wa bendi, naye akaandikwa mtunzi mwenza. Joe Cocker akaurudia, Willie Nelson akaurudia, na fungu la Payne likawa linahesabiwa kila mara.

"Ukitoka Kusini, wimbo unapoteza ladha"

Chaguo langu nililoahidi ni Paul Davidson, Mjamaika aliyeigeuza "Midnight Rider" kuwa rege na kuingia kumi bora za Uingereza mapema 1976. Wimbo wa mtu anayekimbia, mfukoni kabaki na sarafu moja, unakaa kwenye rege kana kwamba ulitungiwa Kingston. Mwaka 1993 Leningrad Cowboys, Wafini wenye nywele za kuchongoka, waliimba "Sweet Home Alabama" Helsinki pamoja na kwaya ya jeshi la Urusi, sare na kofia zote. Na mpenzi wa kantri wa Nairobi au Nakuru atakwambia kwamba hakuwahi kuhitaji pasipoti ili wimbo wa Kusini umguse.

Helsinki hiyohiyo, mwaka 1974, mtu mmoja katikati ya watazamaji alimpigia kelele Frank Zappa, mwanamuziki wa Marekani, awapigie "Whipping Post" ya Allman Brothers. Bendi ya Zappa haikuujua. Zappa hakumsahau mtu yule. Alipompata mwimbaji aliyeuweza, Bobby Martin, akaufundisha bendi nzima, na mwaka 1984 akautoa kwenye albamu, miaka 10 baada ya kuombwa.