Je, wajua kwa nini dawa ya kuhara inaweza kushindwa kwa mtoto ambaye hajawahi kuimeza?

Mzazi wa Uyole au Mwanjelwa, jijini Mbeya, akiona mtoto wake bado anahara siku ya nne ilhali amemaliza chupa ya dawa, mara nyingi atasema kwamba mwili wa mtoto umeizoea dawa. Kauli hiyo husikika hata kwa watu waliosoma, lakini ina kasoro kubwa, kwa maana kinachokuwa sugu si mwili, bali ni bakteria waliomo tumboni. Ndiyo maana mtoto wa miezi minane ambaye hajaonja antibayotiki hata tone anaweza kuugua kutokana na bakteria ambao dawa iliyowaua wenzao zamani haiwatikisi tena.

Bakteria wa E. coli, mmoja wa wanaoishi tumboni, akipata joto na chakula cha kutosha, hugawanyika na kuwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi, hivyo mmoja wa asubuhi huweza kuwa mamilioni kufikia alasiri. Katika wingi huo hutokea wachache ambao vinasaba vyao vimebadilika kwa bahati tu, wakastahimili dawa. Dawa ikiingia huwaua wengine na kuwaachia hao wachache uwanja mzima.

Njia ya pili ndiyo inayonishangaza zaidi: bakteria hupeana usugu. Wengi wao hubeba vipande vidogo vya vinasaba vyenye umbo la pete, viitwavyo plasmidi, na huweza kumpa jirani nakala yake, hata jirani wa jamii nyingine kabisa. Wanasayansi wa Japani walilibaini jambo hilo miaka ya 1950, walipowakuta bakteria wa Shigella, wanaosababisha kuhara damu, wakistahimili dawa nne tofauti kwa pamoja.

Sasa turudi Uyole. Bakteria sugu waliobaki tumboni mwa mtoto aliyepewa dawa hutoka na kinyesi, wakaingia kwenye kijito, kwenye mikono na kwenye miguu ya nzi, na kwa Shigella hata bakteria wasiozidi 100 hutosha kumwangusha mtoto mwingine. Kuku nao wamo: palipo na mazoea ya kuwanywesha antibayotiki ya tetrasaiklini, mtoto anayetambaa uani hukutana na bakteria ambao usugu wao ulianzia bandani.

Na dawa hizi hutolewa kwa wingi mno. Utafiti uliofanyika katika nchi nane, ikiwemo Tanzania kule Haydom, mkoani Manyara, ulikuta kwamba watoto wa chini ya miaka miwili walipewa antibayotiki karibu mara tano kwa mwaka kwa wastani. Sehemu kubwa ya kuhara majimaji kwa watoto husababishwa na virusi, kama vile rota, ambayo Tanzania ilianza kuitolea chanjo mwaka 2013, na antibayotiki haigusi virusi. Flagyl nayo, ambayo wapo wanaoitaja dukani kabla mzazi hajamaliza kueleza, hutibu vimelea vya amiba na jiadia, lakini haiwezi Shigella. Kinachomuua mtoto anayehara majimaji kwa kawaida ni upungufu wa maji na chumvi, nao huzuiwa kwa ORS, yaani unga wa chumvi na sukari, iliyochanganywa kwa kipimo sahihi cha maji safi, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14.

Kuhara damu ni suala jingine: mtoto apelekwe zahanati, kwa kuwa hapo antibayotiki inahitajika kweli. Na hapo ndipo usugu unapouma, kwa sababu ampisilini na Septrin, zilizotegemewa zamani, zimeachwa katika sehemu nyingi, na siprofloksasini ndiyo iliyoshika nafasi yao. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliiweka Shigella sugu kwa dawa za kundi hilo la siprofloksasini katika orodha yake ya bakteria wanaohitaji dawa mpya.