Ukiambiwa "figo zako dhaifu" kwenye kliniki ya tiba ya Kichina

Mgonjwa analalamika kiuno kinamuuma na masikio yanavuma. Tabibu anampima mapigo ya mkono kwa vidole vitatu, anautazama ulimi, kisha anatamka: figo zako dhaifu. Mgonjwa anatoka akiwaza mashine ya kusafisha damu. Mara nyingi tabibu hakumaanisha hivyo.

Kauli hiyo inatokana na nadharia ya elementi tano, wu xing kwa Kichina: mti, moto, udongo, metali na maji. Imo katika Huangdi Neijing, maandiko ya kitabibu yenye umri wa miaka 2,000 hivi. Ini limewekwa kwenye mti, moyo kwenye moto, wengu kwenye udongo, mapafu kwenye metali, figo kwenye maji. Kila elementi humzaa mwenzake na humdhibiti mwingine: maji hukuza mti lakini huzima moto. Kwa hiyo mwenye kikohozi sugu anaweza kupewa dawa za wengu na tumbo, kwa hoja kwamba udongo ni mama wa metali, na mama akipata nguvu mtoto naye atapata.

"Figo" ya mfumo huu hubeba mifupa, masikio, nywele na uwezo wa kuzaa. Si kiungo kile tunachokipima kwa kreatinini ya damu (taka ambayo figo huchuja) na protini ya mkojo. Ukitaka kujua hali ya figo zako, nenda maabara, ulimi hautakuambia.

Sayansi haijathibitisha elementi hizi. Mimea inayotumika katika tiba hii ni habari nyingine, maana hupimwa mmoja mmoja. Tu Youyou, mwanasayansi wa China, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kugundua artemisinini kutoka mmea wa Artemisia annua, na dawa ya mseto tunayotumia kutibu malaria inatokana nayo. Iliaminika baada ya majaribio, si kwa sababu ya moto wala maji.

Upande wa pili, miaka ya mwanzo ya 1990 wanawake nchini Ubelgiji waliomeza vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina waliharibikiwa figo, figo hizi zinazopimwa maabara. Mmea wa jamii ya Aristolochia, wenye asidi yenye sumu, ulikuwa umeingizwa badala ya mwingine. Usinywe dawa ambayo pakiti yake haitaji mimea iliyomo, na kama tayari unaitumia, ipeleke pakiti hiyo kwa daktari wako.