Chupa ya Mwani Haitoi Chumvi Udongoni

Ukipita nyuma ya ploti za Utawala, Ruai au Embakasi utakuta magunia ya sukuma wiki yenye utando mweupe juu ya udongo, na majani yaliyoungua kingo. Mara nyingi chanzo ni maji. Visima vingi virefu vya Nairobi hutoa maji yenye chumvi za sodiamu na bikaboneti, na mfereji unapokauka hayo ndiyo yanayomwagiliwa mboga. Mwenye bustani akifika kwa agroveti anauziwa chupa ya "busta" asilia: maji ya mwani, asidi za humiki (za mabaki ya mimea yaliyooza), au bakteria wa mizizini. Vichangamshi hivi vina kazi yake, lakini sifa vinazopewa dukani zimeipita kazi hiyo.

"Nyunyizia hii, chumvi itaisha."

Haitaisha. Chumvi ikizidi, maji hung'ang'ania udongoni na mzizi unashindwa kuyavuta, ndiyo maana mboga hunyauka hata ukigusa udongo na kuukuta na unyevu. Baadaye sodiamu huingia mmeani na kuchukua nafasi ya potasiamu. Kichangamshi humsaidia mgonjwa, hakigusi kilichomwuguza. Dondoo za mwani husaidia mmea kulimbikiza sukari na prolini (aina ya asidi amino) ili uendelee kuvuta maji, na kupunguza madhara ndani ya seli. Wapo bakteria wa mizizini wanaopunguza ethilini, homoni ambayo mmea ukiteseka huitoa kwa wingi hadi mizizi ikadumaa. Yote hayo yakitendeka, sodiamu iko palepale.

Sodiamu hutoka kwa kuoshwa. Kwenye gunia, hakikisha chini kuna matundu, kisha mwagilia maji ya mvua mengi kwa mkupuo mmoja hadi yachuruzike. Mvua za Machi hadi Mei zinafaa sana kwa kazi hiyo, kama una mtaro wa bati na tangi. Kumwagilia kikombe kimoja kila jioni ndiko kunakoharibu: maji hukauka, chumvi hubaki. Udongo mweusi wa Embakasi, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, ukishajaa sodiamu haupitishi maji vizuri, kwa hiyo huanzwa kwa jasi (gypsum). Kalsiamu ya jasi huing'oa sodiamu, ndipo maji yaibebe. Usinunue jasi kwa kukisia. Maabara za KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, pale Kabete hupima udongo, na majibu yake yana faida kuliko chupa tatu za busta.

"Mwani ni wa baharini, si utaongeza chumvi?"

Swali zuri. Dondoo ya dukani huchanganywa na maji mengi, kwa hiyo chumvi yake ni kidogo mno. Mwani mbichi uliobebwa kutoka Pwani na kufukiwa kwenye gunia bila kuoshwa ni hadithi nyingine, huo utaongeza kweli. Tena, mwani unaolimwa Kibuyuni kule Kwale si ule ulio kwenye chupa nyingi. Dondoo nyingi hutokana na Ascophyllum nodosum wa bahari baridi ya Atlantiki ya Kaskazini, na nyingine na Ecklonia maxima wa Afrika Kusini.

"Ni kitu asilia, ukizidisha hakidhuru."

Hapa wanaojitengenezea dawa ya mlonge ndio huteleza zaidi. Majani machanga hutwangwa na maji kidogo, yakachujwa kwa kitambaa, kisha juisi hiyo huzimuliwa, sehemu moja kwa takriban thelathini za maji, na kunyunyiziwa ikiwa mbichi. Ina zeatini, homoni ya kukuza mmea, na homoni hufanya kazi kwa kiasi kidogo. Ukiimimina nzito unaweza kuudumaza mche uliotaka kuuokoa. Wakati nao una maana: nyunyizia mapema, mche ungali na nguvu. Jani lililokwisha kuungua halirudi kuwa kijani.

Majivu je? Wengi huyamwaga juu ya ule utando mweupe wakidhani ni ukungu. Majivu yana chumvi zake na hupandisha alkali, ambayo maji ya kisima yameshaipandisha. Mbolea ya kuku nayo ina chumvi nyingi, mbichi hasa. Mboji iliyoiva ni salama zaidi.

"Ukiwa na busta, panda chochote."

Maharagwe ni dhaifu mbele ya chumvi kuliko mboga nyingi. Mavuno yake huanza kushuka chumvi ya udongo ikipita desisimensi 1 kwa mita, kipimo cha chumvi kinachotumiwa na maabara, na kila desisimensi inayoongezeka huondoa karibu asilimia 19. Nyanya huvumilia hadi 2.5 hivi. Spinachi tunayouziwa na mama mboga, yenye bua nene jeupe, kwa kweli ni ya jamii ya bitiruti, jamii inayoistahimili chumvi vizuri. Kama maji yako ni ya kisima na huna tangi la mvua, anza na hiyo, maharagwe yasubiri matokeo ya Kabete.