Je, wajua? Ella Fitzgerald alisahau maneno jukwaani, akapewa tuzo ya Grammy

Tarehe 13 Februari 1960, katika ukumbi wa Deutschlandhalle, Berlin Magharibi, Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazz wa Marekani, aliwaambia watu kwamba anataka kujaribu wimbo ambao hajapata kumsikia mwanamke akiuimba. Akaongeza kwamba anatumaini maneno yote atayakumbuka. Hakuyakumbuka.

Wimbo wenyewe ni "Mack the Knife", na ulizaliwa Berlin hiyohiyo mwaka 1928: muziki wa Kurt Weill, maneno ya Bertolt Brecht. Kwa Kiingereza ulikuwa umekwisha kuvuma kwa sauti ya Louis Armstrong, mpiga tarumbeta na mwimbaji wa jazz, kisha ya mwimbaji Bobby Darin mwaka 1959. Ella anaanza vizuri. Beti za mwanzo zinatoka safi, kila neno mahali pake. Halafu, katikati ya mwendo, akiba inaisha. Badala ya kunyamaza anauliza, kwa tuni ileile, ubeti unaofuata ni upi. Anakiri kwamba haujui. Anawataja Armstrong na Darin waliouimba kabla yake, anaikwaruza sauti kumwigiza Armstrong, na mwishowe anatangaza, huku akiimba, kwamba yeye na vijana wake wanauharibu wimbo wa watu.

Kwa nini haukuharibika?

Sababu ya kwanza ni umbo la wimbo. "Mack the Knife" ni tuni moja fupi inayojirudia ubeti baada ya ubeti. Paul Smith kwenye piano, Jim Hall kwenye gitaa, Wilfred Middlebrooks kwenye besi na Gus Johnson kwenye drams hawakuhitaji maneno ili wajue walipo, tuni iliwatosha. Tena ufunguo, yaani kimo cha sauti, unapandishwa kidogo kidogo kadiri wimbo unavyoendelea, kwa hiyo joto linaongezeka hata kama maneno yamekatika.

Sababu ya pili ni Ella mwenyewe, na hapa ndipo utamu ulipo. Mwaka 1935, akiwa kijana mdogo, aliingia bendi ya Chick Webb, iliyokuwa ikipigia watu dansi Savoy Ballroom, Harlem, jijini New York. Mwimbaji wa dansi hasimamishi ngoma kwa sababu amesahau mstari. Wachezaji wako katikati ya hatua. Baadaye, miaka ya 1940, alisafiri na bendi ya mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, akajizoeza kufanya kwa koo yale aliyosikia tarumbeta zikifanya. Kuimba kwa silabi zisizo na maana, mtindo uitwao skati, kukawa lugha yake ya pili. (Armstrong alipenda kusimulia kwamba yeye skati yake ya mwaka 1926 ilimtoka baada ya karatasi ya maneno kumdondoka studio. Wapo wasioamini kisa hicho. Mimi nakipenda tu.)

Kwa hiyo maneno yalipomponyoka Berlin, alibaki na mapigo, tuni na vina. Aliyezoea kusikia malenga wakijibizana papo kwa papo atamwelewa upesi: anachotunga si cha maana sana, lakini kinaangukia pale kinapotakiwa kuangukia. Na ieleweke kwamba hii si jazz ya Morogoro Jazz wala Tabora Jazz. Bendi zetu zilichukua jina, zikapiga mambo yao.

Norman Granz, meneja wake na mwenye kampuni ya santuri ya Verve, angeweza kuuacha wimbo huo nje ya santuri. Aliupa heshima ya kuwa jina la albamu. Mwaka 1961 Ella akapata Grammy mbili, moja ya wimbo, moja ya albamu.

Watu wengi humwanza Ella kwa zile albamu zake za nyimbo za watunzi mashuhuri, kuanzia ile ya nyimbo za Cole Porter ya mwaka 1956. Ni nzuri, matamshi yake ni maji ya mtungi, ila mara nyingine anafurahi mno hata wimbo unapolia. Mimi ningemwanzisha mgeni kwa albamu hii ya Berlin. Sikiliza mara ya kwanza ucheke. Mara ya pili acha maneno kabisa, fuata besi tu, uone kama kuna mahali popote ambapo Ella amechelewa. Kisha usizime: kwenye santuri hiyohiyo kuna "How High the Moon", takriban dakika saba, na huko maneno anayaacha kwa hiari yake.