Wingi wa wahojiwa hautoshi
Wanafunzi wengi wa sayansi ya siasa jijini Dar es Salaam huamini kwamba kadiri utafiti unavyohoji watu wengi ndivyo unavyoaminika. Sivyo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipokea majibu zaidi ya milioni 2, mengi kutoka kwa watu walioteuliwa kupitia orodha za wenye simu na magari, ambao wakati huo walikuwa hasa watu wenye uwezo, likatabiri ushindi wa Landon katika uchaguzi wa urais. Aliyeshinda, tena kwa kishindo, ni mpinzani wake, Roosevelt. Anayehoji wafanyabiashara 5,000 wa Kariakoo hajawasikia wavuvi wa Kigamboni, na kuongeza wengine 5,000 wa hapohapo hakuondoi kasoro hiyo, ilhali sampuli nasibu (ambayo kila mtu ana nafasi ya kuchaguliwa kwa bahati) ya watu 1,000 wa jiji zima, ikiteuliwa kwa uangalifu, kwa kawaida hukosea kwa takriban asilimia 3 tu.