Je, wajua kwa nini Mtwara hakuna treni ya kwenda Dar?

Mtu wa Dodoma akitaka kwenda Dar es Salaam siku hizi ana kazi ya kuchagua. Kuna ndege, kuna basi, na tangu katikati ya 2024 kuna treni ya SGR inayokimbia hadi kilometa 160 kwa saa. Mtu wa Mtwara amebakiwa na viwili tu, basi au ndege, na vijana wengi wa huku wamekua wakiamini kwamba kusini reli haijawahi kufika. Ilifika. Ilifanya kazi zaidi ya miaka kumi, kisha ikang'olewa.

Chanzo chake ni karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na serikali yake ikaja na mpango wa kulima karanga Tanganyika kwenye ekari zaidi ya milioni tatu. Maeneo yaliyochaguliwa ni Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nachingwea ilikuwa na tatizo la wazi: hapakuwa na njia ya kuingizia matrekta wala ya kutolea mavuno. Ndipo ikajengwa reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Wakati huohuo ikaamuliwa Mtwara ipate bandari mpya yenye kina kirefu, na reli ivutwe hadi hapo.

Kilichofuata kinachekesha, ilimradi fedha si zako. Mvua ziligoma, visiki vikavunja mitambo, udongo wa Kongwa ukakauka hadi karanga zikawa hazichimbiki. Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo ukiwa umemeza takribani pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara ilikuja kufunguliwa 1954, miaka mitatu baada ya karanga zake kuzikwa. Mwaka 1958 likaongezwa tawi la Masasi, labda mzigo ungepatikana huko. Haukutosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nzima ikafungwa.

Sasa iangalie reli ile ilivyolala. Ilitoka bandarini ikaingia bara. Dar es Salaam haikuwahi kuelekea hata siku moja. Jibu liko hapo. Reli zetu zilijengwa kufuata mzigo, abiria akapanda kwa mgongo wa mzigo. Reli ya Kati inatoka Dar kwenda Kigoma, ya Tanga inapanda Moshi, TAZARA ikajengwa kwa ajili ya shaba ya Zambia. Zote zinaanzia baharini. Korosho ya Mtwara ina bahari mlangoni, kwa hiyo kuipeleka Dar kwa reli ya kilometa zaidi ya 500, kando ya pwani ambako meli inapita bure, tena kwa kuvuka mabonde ya Rufiji yanayofurika, ni hesabu ambayo mhasibu yeyote angeirudisha.

Hata mpango wa sasa hauibadilishi hali hiyo. Reli inayokusudiwa kutoka Mtwara, yenye matawi ya Mchuchuma na Liganga kwa ajili ya makaa ya mawe na chuma, inaishia Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Ikikamilika itatupeleka Ruvuma. Dar tutaendelea kupanda basi. Kwa kweli kitu pekee cha Mtwara kilichopata njia yake binafsi hadi Dar ni gesi: tangu 2015 inasafiri kwenye bomba kutoka Madimba hadi Kinyerezi, bila tiketi wala foleni.

Haya, tubaki na basi na ndege.

Kutoka Mtwara hadi Dar ni takribani kilometa 560, na kwa basi ni mwendo wa saa nane hadi kumi. Vijana hulalamika, lakini waulize wazee. Kabla ya Daraja la Mkapa, la kuvukia Mto Rufiji, kufunguliwa 2003, gari lilisubiri pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea barabara ilifungwa kabisa, watu wakakimbilia meli. Hata baada ya daraja, kilometa 60 za Ndundu hadi Somanga zilikaa miaka mingi bila lami. Leo unaondoka alfajiri, unapita Lindi, Nangurukuru, Somanga, Ikwiriri na Kibiti. Somanga gari halijasimama vizuri, sinia za samaki wa kukaanga zimeshafika madirishani. Noti inashuka, samaki anapanda, na chenji mara nyingi inakukuta dereva ameshaanza kuondoa gari. Jioni uko Mbagala.

Ndege inakaa angani kama saa moja. Ukijumlisha kuwahi uwanjani, kusubiri mizigo na foleni ya kutoka uwanja wa ndege wa Dar, andika saa nne au tano. Bado umeokoa nusu siku. Tofauti kubwa iko kwenye bei. Nauli ya basi ina kikomo: mwishoni mwa 2023 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, ilipanga shilingi 48.47 kwa kilometa kwa abiria wa daraja la kawaida, yaani kama 27,000 kwa safari hii, na daraja la kati likawa juu zaidi. Tiketi ya ndege inapanda kadiri viti vinavyojaa, na kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikianza, wanunuzi na watu wa benki wanavijaza upesi.

Kwa maoni yangu, mwenye mkoba mmoja na kikao cha asubuhi apande ndege, mradi amekata tiketi mapema. Mgonjwa asiyeweza kukaa kitako siku nzima naye apande ndege, hata kwa kuchangiwa na ukoo. Familia ya watu wanne wenye gunia la mbaazi na madumu ya mafuta ya ufuta haina cha kujadili. Ndege itawapa kilo ishirini na kitu kila mmoja. Basi linameza vyote, na ukiongea vizuri na konda, hata na jogoo wa shangazi.

Jambo moja tu linaweza kuipindua hesabu hii, nalo ni masika. Mei 2024, mafuriko na Kimbunga Hidaya vilikata barabara maeneo ya Somanga, magari yakalala siku kadhaa pande zote mbili. Kwa hiyo kati ya Machi na Mei, kabla hujalipa nauli, mpigie simu mtu aliyeko Somanga au Nangurukuru umuulize maji yamefika wapi.