Nyaraka za Mchoraji Jacob Lawrence na Namna ya Kuzisoma

Mwaka 2020 picha za mfululizo wa Jacob Lawrence, mchoraji Mweusi wa Marekani, uitwao Struggle na unaohusu historia ya nchi hiyo, zilikusanywa tena kwa maonyesho, baada ya kutawanyika kwa zaidi ya miaka 60. Lawrence alichora picha 30 juu ya mbao kati ya 1954 na 1956, lakini tano hazikujulikana zilipo. Maonyesho yalipokuwa katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, mtembeleaji mmoja alihisi kwamba mojawapo ya zinazotafutwa huenda iko kwa majirani zake. Ilikuwa kweli. Picha namba 16 ilikuwa imenunuliwa mwaka 1960 katika mnada wa hisani, ikabaki kwa familia ileile miaka yote hiyo. Machi 2021 ikajitokeza namba 28. Zote mbili zilikuwa Upper West Side, upande wa pili wa bustani ya Central Park kutoka kwenye jumba hilo la makumbusho.

Wengi walistaajabu kwamba kazi za mchoraji mkubwa zinaweza kupotea katika mji alioishi. Chanzo chake si fumbo. Mwaka 1959 mkusanyaji mmoja binafsi aliununua mfululizo wote, kisha akaanza kuziuza picha moja moja. Tangu hapo kila picha ikashika njia yake: mnada, zawadi, urithi. Penye karatasi, njia ilifuatika. Pasipo na karatasi, picha ilitoweka machoni pa watafiti hata kama ilikuwa imetundikwa sebuleni.

Kwa nini basi namba 16 na 28 ziliweza kutambuliwa mara moja zilipoonekana? Kwa sababu orodha ya vichwa, yaani majina ya picha zote 30, ilikuwa imesalia, na vichwa vingi vya Lawrence ni maneno marefu yasiyofanana na mengine. Namba 16 inanukuu barua ya George Washington ya 26 Desemba 1786. Namba 28 ina kichwa cha takwimu: wahamiaji walioingia Marekani kutoka nchi zote, 1820 hadi 1840, 115,773. Namba 5 inachukua maneno ya ombi lililoandikwa na watumwa mwaka 1773. Lawrence mwenyewe alikuwa msomaji wa nyaraka. Tangu ujana wake Harlem, mtaa wa watu Weusi New York, alikuwa akisoma katika tawi la maktaba lililoko Mtaa wa 135, lenye mkusanyo mkubwa wa Arturo Schomburg kuhusu historia ya watu Weusi, na humo ndimo zilimozaliwa picha zake za Toussaint L'Ouverture, kiongozi wa mapinduzi ya Haiti (picha 41, mwaka 1938), na za wapinga utumwa Frederick Douglass (picha 32) na Harriet Tubman (picha 31).

Nyaraka zake binafsi sasa zipo wapi? Sehemu kubwa iko katika Archives of American Art, hifadhi ya nyaraka za sanaa iliyoanzishwa Detroit mwaka 1954 na kuingia chini ya Smithsonian, taasisi ya taifa ya makumbusho ya Marekani, mwaka 1970. Mkusanyo huo una majina mawili, la Lawrence na la mke wake, mchoraji Gwendolyn Knight, na ndivyo inavyostahili. Knight alipaka mbao za mfululizo wa Migration, unaohusu kuhama kwa Wamarekani Weusi kutoka Kusini kwenda Kaskazini, rangi ya chini kabla hazijachorwa, na alisaidia kuandika maelezo yake. Atakayetafuta jina la mume peke yake ataipunja historia yenyewe. Nyaraka nyingine za Lawrence ziko Chuo Kikuu cha Syracuse.

Hapa ndipo watafiti wengi wapya hukwama. Mkusanyo wenye jina la mchoraji kwa kawaida hauna barua alizoandika yeye. Una barua alizopokea. Barua aliyoituma iko kwa aliyeipokea, na kwa wachoraji wa karne ya 20 aliyeipokea mara nyingi ni galari iliyowauzia kazi. Lawrence aliwakilishwa na Downtown Gallery ya Edith Halpert, na kuanzia 1953 na Alan Gallery, ambako Struggle ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 1956. Galari zilipiga barua zao taipu na kubakiza nakala za kaboni. Hivyo katika majalada ya Downtown Gallery, ambayo nayo yako Archives of American Art, unaweza kukuta pande zote mbili za mazungumzo: barua ya mchoraji kwa mkono wake na jibu la galari kwa kaboni. Vivyo hivyo, Lawrence alipata ufadhili wa Mfuko wa Rosenwald mwaka 1940, fedha zilizomwezesha kuchora Migration. Kumbukumbu za mfuko huo ziko Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville. Basi kabla hujafungua boksi hata moja, andika orodha ya watu na taasisi zilizomlipa, kumfadhili, kumwajiri na kumwonyesha, kisha uulize nyaraka za kila mmoja ziko wapi.

Hatua inayofuata ni mwongozo wa mkusanyo. Huu ni waraka unaoeleza nani alizikabidhi nyaraka, zina ukubwa gani, zimegawanywa katika sehemu zipi, na kila boksi na jalada vina nini. Ukubwa hupimwa kwa urefu wa rafu: futi moja ni kama sentimeta 30 za mabokisi yaliyopangwa wima. Sehemu zake huwa ni wasifu, barua, maandishi, biashara, maonyesho, machapisho na picha za kamera. Wageni hukimbilia barua. Ushauri wangu ni kuanza na biashara na maonyesho. Barua ya kirafiki yaweza kutoa nusu sentensi juu ya picha moja, ilhali orodha ya bei yenye ukurasa mmoja hutoa vichwa 20, vipimo, bei na mwaka, na mara nyingi alama ya kalamu mbele ya zilizouzwa.

Karatasi hizo za biashara zina mitego yake, na inafaa tukae hapo kidogo.

Mtego wa kwanza ni kuichukulia stakabadhi ya kupokelewa kama stakabadhi ya mauzo. Mchoraji alipoipelekea galari picha iuzwe kwa niaba yake, galari ilimpa karatasi ya kukiri kuipokea. Karatasi hiyo ina tarehe, kichwa na bei, hivyo hufanana sana na ankara. Lakini picha bado ni ya mchoraji, na yaweza kurudishwa bila kuuzwa. Mauzo huthibitishwa kwa ankara yenye jina la mnunuzi, au kwa taarifa ya malipo ambayo galari ilimtumia mchoraji baada ya kukata kamisheni yake. Kwa sababu ya kamisheni, bei ya orodha na kiasi alichopata mchoraji havilingani kamwe. Anayezichanganya tarakimu hizo mbili atadhani zipo picha mbili.

Vipimo navyo hupotosha. Katika orodha za Marekani kimo hutangulia upana, kwa inchi. Mbao za Struggle ni inchi 12 kwa 16, yaani takriban sentimeta 30.5 kwa 40.6, nyingine zikiwa zimesimama na nyingine zimelala. Karani aliyepima pamoja na fremu anaiongezea picha inchi kadhaa, na miaka 50 baadaye mtu anaikataa picha halisi kwa kuwa haitoshani na orodha.

Vichwa hubadilika. Galari hufupisha, gazeti hukosea, na wakati mwingine mchoraji mwenyewe hubadili nia. Maelezo ya picha 60 za Migration yaliandikwa mwaka 1941, na yalirekebishwa mwaka 1993 Lawrence akiwa hai. Ukinukuu maelezo hayo, taja ni ya mwaka gani, maana mtu atakayeisoma nukuu yako anaweza kudhani Lawrence wa miaka 23 aliandika maneno ya mzee wa miaka 75.

Tarehe za mfululizo pia zinahitaji uangalifu. Lawrence alizichora mbao zote 60 za Migration kwa pamoja, rangi moja baada ya nyingine: akichanganya rangi moja anaipaka kwenye kila ubao inapohitajika, kisha anakwenda kwenye rangi ifuatayo. Ndiyo maana rangi zake hazipishani kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa kazi ya namna hiyo, kuuliza namba 22 ilichorwa mwezi gani hakuna maana. Kinachoweza kupewa tarehe ni mfululizo. Na kwa kuwa mwaka 1942 Migration iligawanywa kati ya Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, lililochukua namba shufwa, na Phillips Collection ya Washington, iliyochukua namba witiri, kila moja ikilipa dola 1,000, anayefuatilia historia ya umiliki wake lazima afungue kumbukumbu za taasisi zote mbili.

Wapo pia wanaofuatilia picha ambazo hazipo tena. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Lawrence alitumikia Kikosi cha Ulinzi wa Pwani cha Marekani na kuchora maisha ya mabaharia. Nyingi kati ya kazi hizo zimepotea. Kwa kazi kama hizo, picha ya kamera isiyo na rangi, ukurasa wa katalogi au kipande cha gazeti ndicho kilichosalia, na hapo uzima wa karatasi unakuwa ndio uzima wa kazi yenyewe.

Kwa hiyo tuseme neno juu ya utunzaji, maana adui wengi wa nyaraka huingia pamoja nazo ndani ya boksi. Karatasi ya gazeti ina lignini nyingi, yaani kemikali ya asili ya mti. Ikizeeka hutoa asidi na kuacha doa la kahawia kwenye barua iliyolala nayo. Mtunza nyaraka huitenga, au huitoa nakala kwenye karatasi isiyo na asidi. Pini za stepla na klipu za chuma hushika kutu na kula karatasi. Hutolewa kwa kunyanyua miguu ya pini taratibu upande wa nyuma, si kwa kuvuta. Selotepu ikishageuka njano isibanduliwe na asiye fundi, kwani itaondoka na maandishi. Negativu za zamani za kamera zilizotengenezwa kwa plastiki ya asetati zikianza kutoa harufu ya siki, zimeshaanza kuoza, na mvuke wake huambukiza nyingine. Hutengwa siku hiyohiyo na kuwekwa kwenye baridi. Karatasi zenyewe huhifadhiwa kwenye majalada na mabokisi yasiyo na asidi, gizani, joto lisipande zaidi ya nyuzi 21 za Selsiasi na unyevu ukiwa kati ya asilimia 35 na 50. Kupanda na kushuka kwa unyevu kila siku huumiza zaidi kuliko kiwango kisicho kizuri sana lakini kilichotulia.

Kosa baya kuliko yote hutendwa kwa nia njema, nalo ni kupanga upya. Mrithi anachukua barua, anazitoa kwenye bahasha, anatupa bahasha, kisha anazipanga kwa alfabeti. Barua iliyoandikwa "Jumanne" tu ilikuwa na tarehe yake kwenye mhuri wa posta, na mhuri huo umekwenda jalalani. Orodha ya bei iliyokuwa imebanwa pamoja na barua ya galari sasa haijulikani ni ya maonyesho gani. Watunza nyaraka hulinda mpangilio wa awali kadiri inavyowezekana, na wakilazimika kuuvunja huandika ulivyokuwa.

Msomaji aliye mbali anaweza kufanya mengi bila kusafiri. Archives of American Art imepiga skani mikusanyo mingi na kuiweka kwenye intaneti bila malipo. Zingatia jambo moja: vitabu vya zamani hutaja namba za riili ya mikrofilamu (filamu yenye picha ndogo za kurasa) na fremu, kwa kuwa taasisi hiyo ilianza kwa kupiga nyaraka mikrofilamu. Namba hizo hazilingani na boksi na jalada za leo. Usihangaike nazo. Tafuta kwa jina la mwandishi wa barua na mwaka, kisha andika marejeo mapya: jina la mkusanyo, namba ya boksi, namba ya jalada, taasisi. Ukienda mwenyewe, omba nafasi mapema, kwani mabokisi mengi huhifadhiwa nje ya chumba cha kusomea. Utatumia penseli, boksi moja kwa wakati mmoja, jalada moja mezani. Kwa karatasi, mikono safi na mikavu ni bora kuliko glavu, maana glavu huondoa hisia za vidole na karatasi huchanika. Glavu ni kwa picha za kamera.

Halafu kuna hakimiliki. Kumiliki barua si kumiliki maneno yake. Anayeipokea, na hata hifadhi inayoitunza, ana karatasi. Haki ya kuchapisha maneno ni ya aliyeandika na warithi wake. Kwa sheria ya Marekani, maandishi yasiyochapishwa ya mwandishi anayejulikana hulindwa kwa maisha yake na miaka 70 baada ya kifo. Lawrence alifariki 9 Juni 2000, kwa hiyo barua zake ambazo hazijachapishwa zinalindwa hadi mwisho wa 2070. Knight alifariki 2005, hivyo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2075. Barua alizopokea Lawrence zina haki za waandishi wake, kila mmoja na tarehe yake. Kusoma, kunakili maelezo na kunukuu kwa kiasi kwa ajili ya utafiti hakuna tatizo. Kuchapisha barua nzima au picha iliyo ndani ya jalada kunahitaji kibali cha mwenye haki, na kibali cha hifadhi hakitoshi badala yake. Ombi hilo lipelekwe miezi kadhaa kabla ya kitabu kwenda mtamboni, likiwa na boksi, jalada, tarehe ya waraka na maneno hasa unayotaka kuyatumia.